Isale Lenye Utepe Mwekundu

Tangazo liliingia kwenye kundi la simu la wapangaji siku ya Jumatano asubuhi, limepambwa kwa maua na mioyo mitatu. "Wapendwa wanafamilia wa Kilele Apatimenti," lilianza, "Jumamosi hii ni Siku ya Shukrani kwa Wapangaji. Kila nyumba itapata zawadi. Njooni mmependeza, mpiga picha atakuwepo." Ruth alilisoma akiwa bafuni, mkono mmoja ndani ya beseni la nguo, kisha akalirudia polepole kuona kama kuna mahali limetaja maji. Halikutaja. Maji yalikuwa hayajapanda ghorofa ya tatu tangu Ijumaa iliyopita, na hayo ya beseni alikuwa ameyabeba mwenyewe kutoka bombani chini.

"Wanafamilia," alisema peke yake, akailaza simu kifudifudi juu ya sinki kavu.

Jengo lenyewe lilikuwa Njoro, mjini Moshi, la rangi ya chungwa, nyumba kumi na mbili, na mwenyewe Mzee Melkior alikuwa amelijenga kwa faida ya mbao. Alipolimaliza alilisifia hadi kanisani. Tangu masika, nyumba tatu zilikuwa zimehamwa. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini, akapanda ngazi, akafungua bomba moja akaona. Mzee Melkior hakupanda. Alimwita binti yake Gladness, aliyelelewa Dar es Salaam kwa mama yake na kufanya kazi mapokezi katika hoteli, aje asimamie jengo. Gladness alikaa wiki mbili, akatafakari, akagundua kwamba wapangaji hawahami kwa sababu ya maji. Wanahama kwa sababu hawajisikii kupendwa.

Basi wakaanza kupendwa. Walipewa chupa za chai zenye picha ya jengo. Walipewa miavuli wakati wa mvua, na Margareta wa ghorofa ya pili akasema ametumia wake sebuleni kwake, maana paa lilikuwa linavuja hadi kwake kupitia ukutani. Pasaka walipewa keki, kila nyumba kipande, na ilikuwa aibu kuona watu wazima wenye kazi zao wakichunguliana visahani kujua nani kapata chenye ua la sukari. Ruth aliwadharau kwa hilo. Alijidharau na yeye, kwa sababu alikuwa amechungulia.

Filemon, mumewe, baba wa mtoto wao Eliona, hakuwa na shida hiyo. Alikuwa mtunza ghala la kahawa, mtu mpole, na alishukuru kila kitu. Alishukuru chupa ya chai kwa ujumbe mrefu kwenye kundi, akashukuru mwavuli, akashukuru keki ambayo hata hakuila. Ruth alikuwa akimtazama akimimina chai kutoka chupa ile, picha ya jengo ikimwelekea yeye, na hamu ya kunywa ikamwisha.

Kitu ambacho hakuna aliyepewa ni chuma cha kushikia ngazini. Kilikatwa mwaka uliopita, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, ili tangi jipya la maji lipite kupelekwa juu. Tangi likapita. Chuma kikawekwa stoo kisubiri fundi wa kuchomelea, kazi ya nusu siku, na kilikuwa huko hadi leo. Ngazi zikabaki na ukuta upande mmoja, na upande wa pili hewa. Kwanza alianguka Danieli, mtoto wa Margareta, akapoteza meno mawili ya mbele. Mwezi wa sita akaanguka Bibi Aikaeli, mama yake Filemon.

Bibi alikuwa ameteremka kutoka Old Moshi kuja kutolewa mtoto wa jicho. Alikuja mjini na jicho bovu na miguu mizima. Sasa alikuwa na jicho zima na nyonga iliyovunjika. Kitanda chake kiliwekwa sebuleni, karibu na dirisha. Hospitali ilimruhusu, daktari akasema anaweza kurudi nyumbani kwake, na Ebenezeri, shemeji yake Bibi, akajitolea kuja kumchukua. Bibi akakataa.

"Siwezi kurudi shambani, kwenye kihamba changu, na donge hili kifuani," alisema. "Ng'ombe wangu yuko kwa jirani, migomba inaangukiana, najua. Lakini huyo mwenye nyumba aje kwanza. Sitaki kitu chake. Aje asimame hapo, aseme, mama, nimekukosea. Basi. Nitaondoka siku hiyo hiyo."

Mwenye nyumba hakuja. Ulikuja ujumbe wa Gladness: "Pole sana bibi yetu," na mikono miwili imekutanishwa kama ya mtu anayesali. Ilikuwa mwezi wa nane sasa.

*

Jumamosi turubai lilifungwa kwenye maegesho, spika ikaletwa, soda zikawekwa kwenye ndoo ya barafu. Ruth alishuka kwa sababu Filemon alimsihi. "Tusipoenda wataona tuna kinyongo," alisema.

"Tunacho."

"Ndiyo, lakini wasione."

Chini ya turubai kulikuwa na meza yenye kitambaa cheupe, na juu yake vyungu tisa vyeupe vyenye nembo ya jengo. Kila chungu kilikuwa na mmea wa majani marefu ya kijani, na majani yamekusanywa pamoja na kufungwa fundo kwa utepe mwekundu. Ruth alisimama. Alifikiri ameona vibaya, akasogea. Hakuwa ameona vibaya. Yalikuwa masale.

Hakuna mtoto wa Kichagga aliyezaliwa mlimani asiyejua isale. Ndilo linalopandwa mpakani mwa kihamba na kihamba, na juu ya kaburi. Na mtu aliyekukosea, kosa kubwa, kosa la damu hata, akikutumia isale lililofungwa fundo, ukalipokea kwa mikono yako, umemsamehe. Halafu yeye mwenyewe atakuja, mtakunywa mbege, pombe ya ndizi, pamoja mbele ya watu, na jambo litakuwa limekwisha. Halichezewi. Ruth aligeuka kumtafuta Sirili, mlinzi wa jengo, mtu wa Marangu. Sirili alikuwa amesimama getini akitazama viatu vyake.

"Huu ni mmea mzuri sana wa ndani," Gladness alikuwa akisema kwenye kipaza sauti. "Unasafisha hewa, na uzuri wake hauhitaji maji mengi."

Hapo angalau alionyesha anawajua wapangaji wake. Walipiga makofi. Wengi walikuwa wa Singida, wa Tanga, wa Mwanza, watu wa ofisini waliohamishiwa Moshi, na kwao lile lilikuwa ua. Wachache wa mlimani walipokea wakicheka kicheko kifupi, kisha wakaviweka vyungu chini upesi, mbali kidogo na miguu yao. Mzee Melkior mwenyewe hakuwepo; alikuwa Himo harusini.

"Sasa tunapanda kwa bibi yetu," Gladness alitangaza. "Yeye hawezi kushuka, basi upendo utampandia."

Ruth alimwahi kwenye ngazi. "Dada Gladness, hicho usimpe mama. Mpe soda, mpe kitu kingine chochote."

"Jamani, Mama Eliona, kwa nini bibi abaguliwe? Na picha yake ndiyo itakayogusa watu."

"Unajua hilo ni nini?"

"Si drasina? Nimezinunua kwa muuza maua kule Majengo. Zimekatwa mbichi kabisa."

Alikuwa ameshapanda. Mpiga picha alitangulia kinyumenyume, jicho kwenye kamera, na walipofika pasipo chuma Ruth ilibidi amkamate shati kwa nyuma asitumbukie. Hakuna aliyeona ajabu. Mpiga picha alisema asante, akaendelea kupiga.

*

Bibi Aikaeli aliketi akiwa ameegemea mito miwili, khanga mabegani. Aliona kwanza kundi la watu mlangoni, Filemon akiwa nyuma yao. Kisha akaliona isale na fundo lake, na binti aliyelibeba kwa mikono miwili akiinama mbele yake ili kamera imwone vizuri.

Bibi alijivuta juu ya mito.

"Umetumwa na nani, mjukuu wangu?"

"Na baba, bibi. Kwa niaba ya familia nzima."

"Melkior? Melkior amekutuma uniletee hili mimi?"

"Ndiyo, bibi. Kwa mapenzi mengi."

Bibi alitoa mikono yake chini ya khanga. Aliifuta kwanza kwenye shuka, mmoja na mwingine, halafu akakipokea chungu, akakiweka mapajani. Machozi yalikuwa yanatoka kwenye macho yote mawili, hata lile lililopasuliwa. "Aika," alisema, asante ya Kichagga. "Nimepokea. Mwambie baba yako nimemsamehe. Mbele ya hawa wote, nimemsamehe. Mwambie namsubiri."

"Asante sana, bibi!" Gladness alisema, akageuza uso kwa kamera. "Tutabasamu kidogo?"

Ruth alikuwa amesimama pembeni ya kabati. Angeweza kusema pale pale. Neno lilikuwa kinywani. Lakini mama mkwe wake, mwanamke ambaye kwa miezi miwili hakumaliza sahani ya chakula, alikuwa anayapapasa yale majani na kutabasamu, na Ruth hakuwa na moyo wa kumnyang'anya. Alinyamaza. Alimchukia Gladness kwa kumfanya anyamaze.

Picha ilikuwa kwenye kundi kabla soda hazijaisha. Ilipata mioyo ishirini na sita, mmoja wa Filemon.

*

"Usimwambie," Filemon alisema walipobaki wawili jikoni. "Mama Eliona, nakuomba. Amekula leo. Ameomba na nyongeza."

"Amesamehewa mtu ambaye hajaomba. Nyumba tisa zimepewa, Baba Eliona! Hata yule mpangaji mpya wa chini, aliyehamia juzi, kapewa."

"Yeye hajui kuwa ni tisa. Hashuki. Nani atamwambia?"

"Na huyo anayesubiriwa? Mama amesema anamsubiri."

Filemon alifungua kifuniko cha chupa ya chai, akakifunga. Hakuwa amefikiria hilo. Ruth alimtazama akiwaza namna gani mtu anaweza kuishi miaka arobaini na miwili bila kufikiria jambo hadi mwisho wake.

Bibi alikuwa ameshafikiria. Alimwita Eliona, mjukuu wake, amshikie simu sikioni, akampigia Ebenezeri huko Old Moshi na kuongea kwa sauti ambayo Ruth hakuisikia tangu mwezi wa sita. Isale limekuja. Ndiyo, limefungwa. Binti yake mwenyewe amelileta, kwa mikono miwili. Basi shemeji aje Jumatano na mbege, aje na gari la mtu, Melkior atakuja wanywe, na wakimaliza arudi naye nyumbani. Akamalizia kwa kuuliza ng'ombe anakamuliwa na nani, na kama anapewa chumvi.

"Ruth, mwanangu," alisema baada ya simu, "lile gauni langu la bluu lipo? Lifue. Sitaki anikute na hizi nguo za mgonjwa."

Ruth alilifua gauni. Alishuka ngazi mara tatu kuchota maji ya kulifulia, mkono mmoja ukutani.

*

Jumatatu alikwenda ofisini kwa Mzee Melkior, chini ya jengo, mlango unaopakana na stoo. Stoo ilikuwa wazi. Ruth alikiona chuma cha ngazi kimelazwa sakafuni, kimeota kutu, na juu yake maboksi ya chupa za chai yamepangwa hadi karibu na dari. Alisimama akayaangalia kwa muda, na hasira yake ikapata pa kukaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibu, karibu. Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

"Amepokea isale lako."

Mzee Melkior alikuwa na kalamu mkononi. Aliiweka mezani. Gladness, aliyekuwa kwenye meza ya pili akichagua picha, aliinua kichwa.

"Isale gani?"

"Lile ulilomtuma binti yako. Lina utepe mwekundu."

Mzee alimgeukia binti yake. "Zile zawadi zilikuwa nini? Uliniambia ni maua ya ndani."

"Ndiyo maua ya ndani, dadi. Drasina. Majani marefu hivi."

"Ulimpa nani?"

"Wote. Nyumba tisa."

Kwa muda mfupi Mzee Melkior alipauka, na Ruth akamwona kama mtu, mwana wa mama fulani huko Kibosho aliyefundishwa mambo yale yale aliyofundishwa yeye. "Na mama alisemaje?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Alisema amekusamehe. Anakusubiri Jumatano. Shemeji yake anakuja na mbege. Ukinywa naye, anarudi kwake siku hiyo. Hataki kingine, mzee. Neno moja na bilauri moja."

Mzee alishika kofia yake iliyokuwa mezani, akaizungusha, na Ruth akathubutu kutumaini. Kisha macho yake yakaenda dirishani, kwenye maegesho ya jengo lake, akawa tena mwenye nyumba.

"Unajua, mama, lile ni ua tu. Siku hizi hata mahotelini wanaweka."

"Basi njoo umwambie hivyo Mzee Ebenezeri."

"Sikiliza. Mimi nikipanda kule na kunywa, nimekubali kosa. Si ndiyo? Nikikubali la bibi, kesho yule wa ghorofa ya pili ananiletea meno ya mwanawe. Keshokutwa mwingine ananiletea dari inayovuja. Jengo haliendeshwi hivyo." Aliona uso wa Ruth, akalegeza sauti. "Lakini hatumwachi bibi hivi hivi. Gladness, ile oda ya kiti cha magurudumu imefikia wapi? Tutampa kiti, mama. Kipya."

"Kiti cha magurudumu," Ruth alirudia. "Ghorofa ya tatu."

"Tena tutakiwekea nembo," Gladness alisema kwa furaha.

Ruth aliondoka bila kuaga. Kwa malezi yake lilikuwa jambo la aibu, na alilifanya kwa makusudi.

*

Ebenezeri alifika Jumatano saa tano, mzee mrefu mwenye koti, kidumu cha mbege mkono mmoja na kibuyu cha kunywea kimefungwa kwenye gazeti mkono mwingine. Vijana wawili wa nyumbani walimfuata. Pikapu la jirani lilikuwa getini. Alipanda ngazi akihema, na pale pasipo chuma alisimama, akachungulia chini, akasema, "Hapa ndipo?" Ruth akasema ndipo. Ebenezeri akatikisa kichwa, akaendelea.

Bibi alikuwa amevaa gauni la bluu. Isale lilikuwa kwenye meza ndogo mbele yake, juu ya kitambaa alichokitandika Eliona. Mzigo wake ulikuwa umefungwa. Walikaa, wakasalimiana, wakaulizana hali za watu na za ng'ombe, na mbege ikabaki kwenye kidumu. Ikafika saa saba. Filemon, aliyeomba ruhusa kazini, aliinuka kila baada ya muda kwenda dirishani na kurudi kusema barabara ina magari mengi leo.

Saa nane mlango uligongwa. Bibi alinyoosha khanga yake. Filemon akafungua, na mpangaji wa chini akaingiza kiti cha magurudumu, kipya, bado kina nailoni, jengo la rangi ya chungwa limechorwa kwenye mgongo wake. "Wamesema nikilete," alisema, akaondoka haraka.

"Hiki nini?" Bibi aliuliza.

"Zawadi, mama," Filemon alisema.

"Na mwenyewe?"

Filemon akaanza kuivua nailoni ya kiti. Ebenezeri alikitazama kiti, akamtazama Ruth, na Ruth akatazama sakafu. Kisha ikasikika sauti ya vyungu kugusana nje, na mtu akizungumza na jirani mlangoni: ni Sirili. Alikuwa akisema kwamba yale maua yamegundulika yana wadudu, yanarudishwa yote, kila nyumba itapewa ndoo badala yake.

"Maua gani?" Bibi alisema. "Kila nyumba nini? Ruth, fungua mlango huo."

"Mama, acha—"

"Fungua."

Ruth aliufungua wote. Sirili alikuwa amekwisha kupita nyumba nyingine zote, na vyungu vilikuwa vimepangwa kwenye korido, vinane, vyeupe, kila kimoja na isale lake na fundo lake la utepe mwekundu. Bibi aliviona kwa jicho lake zima. Alivitazama kimoja kimoja hadi mwisho, halafu akatazama kilichokuwa mbele yake mezani.

"Kumbe," alisema.

Alichukua ncha ya khanga akajifunika uso. Hakulia. Alikaa hivyo tu, mwanamke mzima wa miaka sabini na minane, katika gauni lake lililopigwa pasi, mbele ya shemeji yake aliyekuja na pombe kutoka mlimani kuja kushuhudia zawadi ya matangazo. Ruth aliona haya hadi masikio yakamwaka moto. Alikuwa amejua tangu Jumamosi.

"Na hilo nimeambiwa nilichukue," Sirili alisema kwa shida, akionyesha la mezani. "Lakini mimi, Mama Eliona, isale lililopokelewa silitoi mikononi mwa mtu. Anifukuze."

"Hutalichukua," Ruth alisema. "Na hayo mengine huyapeleki stoo."

Alipita katikati yao, akainama, akanyanyua vyungu viwili. Alikwenda navyo hadi ngazini, kwenye ule upande wa hewa, akakiweka kimoja ukingoni mwa kipandio cha kwanza, akaruka kipandio, akaweka cha pili. Akarudi kuchukua vingine. Mara ya tatu alikuta Filemon amebeba viwili. Uso ulikuwa umempauka, lakini alikuwa amebeba. Margareta alipanda kutoka ghorofa ya pili kuona kelele ni za nini. Akaelewa, akakichukua mwenyewe kile kilichokuwa cha nyumba yake. Walipomaliza, masale yalikuwa yameshuka na ngazi, moja kila baada ya kipandio, kama yanavyopandwa nyumbani ukingoni mwa shamba ili mtu asivuke.

"Mzee akiyaona atasema niyatoe," Sirili alisema.

"Mwambie ayatoe mwenyewe."

Sirili aliweka mikono yake nyuma ya mgongo.

Ndani, Bibi alikuwa amejifunua uso. "Shemeji," alimwambia Ebenezeri, "nipeleke nyumbani."

*

Kiti kilifaa kwa jambo moja. Walimkalisha bibi, isale lake mapajani, wakakinyanyua watu wanne, Filemon na Sirili mbele, wale vijana wawili nyuma, na wakashuka naye wakisugua ukuta, masale yakiwa upande wa pili. Wapangaji walitoka milangoni. Hata wale wa Singida na Tanga walikuwa wameshaelezwa sasa, maana habari kama ile haipandi ngazi, inaruka, na walisimama kimya kama watu wanaopitishiwa jeneza.

Chini, Mzee Melkior alikuwa ametoka ofisini. Mtu alikuwa amemwambia. Aliinua macho akaona ngazi zake zilivyopangwa, na mkono wake ukaenda kichwani ukaivua kofia. Gladness alisimama nyuma yake na simu, na kwa mara ya kwanza hakupiga picha.

"Shikamoo, mama," alisema mzee.

Wakamweka bibi chini. "Marahaba. Wewe ndiye Melkior?"

"Ndiye mimi. Mama, mambo haya... kulikuwa na kutoelewana kidogo. Huyu binti hakujua."

"Nimejua hakujua." Bibi hakupaza sauti. "Lakini niliposema nimesamehe, nilisamehe. Siwezi kulirudisha neno langu kwa sababu wewe huna la kwako. Hili moja ni la mguu wangu. Limekwisha, naondoka nalo, nitalipanda kwangu." Aligeuza shingo akatazama juu ngazini. "Lakini nimehesabu, yapo mengine manane. Hayo uliombea makosa gani?"

"Bibi, zilikuwa zawadi tu," Gladness alianza.

"Nyamaza," baba yake alimwambia.

Ebenezeri alikuwa amesimama na kidumu chake kilichojaa, akimtazama Melkior usoni, Mchagga kwa Mchagga, akisubiri jibu kama mtu mwenye siku nzima. Melkior alifungua mdomo. Angesema ni maua, na angelazimika kulisema hilo mbele ya mzee yule, na alijua kabla jua halijazama lingekuwa limefika Kibosho. Akafunga mdomo.

Margareta alishuka kipandio kimoja. "Hili hapa ni la kwangu," alisema, akigusa chungu kwa kidole cha mguu. "Ni la meno ya Danieli."

"Langu la maji," alisema mtu juu yake.

"Langu ni la ile dari," akasema mwingine, wa Tanga huyo, ambaye hadi Jumamosi hakuwa amewahi kulisikia neno isale.

Vijana walimpakia bibi kwenye pikapu na Ruth akamfunika miguu kwa khanga. Kiti walikiacha pale pale getini. Mzee Melkior alikuwa bado amesimama chini ya ngazi, kofia mkononi, na wapangaji waliokuwa wakimtajia makosa yake walikuwa hawajafika hata wa nne. Na kutoka stoo alisikika Sirili akishusha maboksi ya chupa za chai kutoka juu ya kile chuma, moja moja, bila kuagizwa na mtu.